Kabla Hujabonyeza "Futa": Nyimbo Zilizopita Njia ya Tabora



Wiki tatu kabla ya nikaha yake, mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu baada ya alasiri. Alikuwa ameshika flashi ndogo aliyoifunga kwenye ncha ya kanga kama mtu aliyebeba dhahabu. Akakaa mkekani, akanywa maji, halafu akasema, "Shangazi, nataka kuzifuta zote. Nataka niingie kwa mume wangu nikiwa msafi. Lakini mkono hauendi."

Ndani ya flashi mlikuwa na nyimbo zaidi ya 1,200. Taarab alizozizoea kwa mama yake. Zilipendwa za baba yake. Bongo fleva za siku za skuli. Kasida za Ramadhani na za maulidi. Na katikati ya yote hayo, faili moja lisilo na jina, la dakika 23, lililotolewa kwenye kaseti kuukuu. Ni sauti ya bibi yangu, akiimba na wenziwe usiku wa hina wa mama yake binti huyu. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Kaseti yenyewe ilipata ukungu, ikatupwa.

Mchumba ni kijana wa Tabora. Hakumwamuru kitu, Mungu amhifadhi. Alimwambia tu kwamba angependa nyumba yao isikike Kurani zaidi kuliko muziki. Binti akaelewa kwamba lazima afute kila kitu.

Nikamwambia, "Mwanangu, usifute leo. Nipe siku chache." Kwa sababu huko Tabora anakokwenda ni mji ambao umewahi kupoteza nyimbo nyingi kuliko zilizomo kwenye flashi yake, na umewahi kuhifadhi nyingine kwa njia za ajabu. Nilitaka aijue habari hiyo kwanza. Nanyi leo nakuleteeni.

Njia iliyoimbwa kwa miguu

Sisi wa visiwani tunaijua Tabora kwa jina tu, na wengine tuna babu waliotoka huko. Lakini karne ya 19 Unguja na Tabora zilikuwa kama vyumba viwili vya nyumba moja, vikiunganishwa na ukumbi mrefu. Ukumbi huo ni njia ya misafara. Ilianza Bagamoyo na bandari za jirani, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Waarabu wa Unguja na Waswahili walijenga matembe yao Tabora katikati ya karne hiyo, mahali walipopaita Kaze. Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kaze tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne ya kutembea! Huko Kaze aliyewapokea kwa ukarimu alikuwa Mwarabu, Snay bin Amir.

Na mizigo ilibebwa na nani? Ilibebwa na wapagazi, na waliosifika kuliko wote ni Wanyamwezi. Walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu hata kabla wafanyabiashara wa Unguja hawajazoea kupanda bara. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi na bendera yake. Nyuma yake mstari mrefu wa watu, na ndani ya mstari huo wanawake pia, wake wa wapagazi, wakiwa na vyungu na watoto mgongoni. Wasafiri wa Ulaya walioandika habari za misafara hiyo, Burton akiwa mmoja wao, wanakubaliana juu ya jambo moja: kulikuwa na kelele. Ngoma, baragumu, na nyimbo za kupokezana, mmoja akianza na wengine wakiitikia. Wimbo uliupa mguu mwendo. Jioni kambini, watu waliokwisha kubeba mzigo kutwa nzima bado walipata nguvu za kucheza.

Tusipambe lakini. Njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliotekwa, waliokwenda pwani si kwa hiari yao. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia hii kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia UNESCO, kwa jina la njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Kwa hiyo ukisikia neno "nyimbo za misafara", usifikirie furaha peke yake. Walikuwamo waliolia kwa wimbo.

Nyimbo zile ziko wapi leo? Karibu zote zimekwenda. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo ukahama kutoka kichwani ukaingia kwenye behewa, na wimbo wa kubebea mzigo ukakosa kazi. Hakuna aliyeupiga marufuku. Hakuna aliyeufuta. Uliachwa tu, mzee mmoja baada ya mwingine, mpaka aliyeujua akawa hayupo.

Biharusi aliyeitwa Karunde

Kwa kuwa tunazungumza na maharusi, nikupeni habari ya biharusi mmoja wa Tabora. Jina lake Karunde. Alikuwa binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na aliolewa na Muhammad bin Juma, mfanyabiashara aliyekuwa na makazi yake Tabora. Muhammad bin Juma ndiye baba wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, ambaye nyumba yake iko mpaka leo Mji Mkongwe. Karunde hakuwa mama yake mzazi. Alikuwa mke wa baba yake. Ndoa hiyo ilifungamanisha mlango wa mtemi na mlango wa wafanyabiashara wa pwani, na kwa ndoa za namna hiyo mji wa Tabora ulisimama.

Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905, na masimulizi yake yakachapishwa. Ukiyasoma utakuta pembe, baruti, bei, deni, vita, na majina ya watemi. Karunde yumo, lakini yumo kama kiungo kati ya wanaume wawili. Wanawake waliompamba waliimba nini? Wa Unyanyembe waliimba kwa Kinyamwezi, au wa pwani waliitikia kwa Kiswahili? Somo wake alimwambia nini kabla hajatolewa ndani? Kitabu kinajua bei ya pembe, hakijui wimbo wa biharusi.

Ndipo nilipomwambia binti yetu: "Unaona? Karunde hakuwa na kaseti ya bibi yake. Wewe unayo, na unataka kuifuta."

Mali bila daftari hupotea bila habari. Waliokuwa na daftari walihifadhiwa. Wapagazi na wanawake hawakuwa na daftari, ila vinywa vyao.

Kilichobaki kilibaki kwa sababu gani

Kuna sauti ambazo njia ile ile ilizipitisha na hazikupotea. Maulidi ya Barzanji, kwa mfano, yaliyotungwa Madina karne ya 18, yanasomwa Unguja na yanasomwa Tabora. Ukienda na ukaalikwa, utaitikia bila kufundishwa. Dhikri ya Kadiriya nayo ilipanda kutoka mwambao ikafika Tabora na Ujiji, na ilichukuliwa na masheikh wa kiafrika na wafuasi wao, wanawake wakiwamo. Sauti hizi zilibaki kwa sababu mbili. Kwanza, maneno yaliandikwa. Pili, kulikuwa na siku maalumu za kuyarudia, kila mwaka, mbele ya watoto. Kitu kinachoandikwa na kurudiwa mbele ya watoto hakifi.

Baadaye zikaja mashine. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alisafiri kusini mwa Tanganyika, upande wa Lindi na Newala, akiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye nta. Miongoni mwa watu wake walikuwamo wapagazi wa Kinyamwezi, na wao pia waliimba mbele ya bomba la mashine. Basi baadhi ya sauti za watu waliozaliwa pande za Tabora zikasafiri hadi Ujerumani zikiwa zimechorwa kwenye nta. Nta ile ilikuwa na tabia moja: kila ukiipiga, sindano huila kidogo. Ukiisikiliza sana, unaimaliza. Mwaka 1950 akapita Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika akirekodi ngoma na ala za makabila mengi, Wanyamwezi wakiwamo. Alichokusanya kimehifadhiwa kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954.

Fikirini hilo, dada zangu. Mjukuu wa Tabora akitaka kusikia sauti za zama za bibi zake, huenda akalazimika kuuliza Ujerumani au Afrika Kusini. Waliotunza si wenyewe. Ni wageni, tena kwa vigezo vyao, kwa yale waliyoyaona wao yanafaa.

Kwetu visiwani tulikuwa na bahati zaidi. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 na wenziwe, wakaimba kwenye santuri za HMV kwa Kiswahili. Alikuwa mwanamke wa kiislamu aliyeuza vyungu kabla ya kuuza sauti, na alipofariki mwaka 1950 sauti yake ilikuwa imeshatawanyika kwenye majumba ya watu. Kwa sababu santuri zilinunuliwa na kutunzwa na watu wa kawaida ndani ya masanduku yao, bado tunaye. Mtunzaji wa kwanza wa muziki wetu hakuwa serikali wala chuo, alikuwa mtu na sanduku lake.

Tabora ya magitaa

Kaka yangu alikuwa na upendo na zilipendwa, na nyingi kwenye flashi ya bintiye ni za kwake. Hapo Tabora inarudi tena. Mji ule ulikuwa na bendi zake, Tabora Jazz waliojulikana kwa mtindo wao wa Segere Matata, na Nyanyembe Jazz iliyobeba jina la Unyanyembe yenyewe. Shem Karenga, aliyetoka upande wa Kigoma, alipata jina akiwa na Tabora Jazz. Na Dar es Salaam kulikuwa na Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende. Jina "Western" ni la kukumbuka jimbo la magharibi walikotoka. Utaona njia ni ile ile ya misafara: kutoka ziwani hadi Tabora, kutoka Tabora hadi pwani. Ila sasa mzigo ni gitaa, na msafara ni treni.

Bendi hizi zilirekodiwa kwenye mikanda ya redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na baadaye ikaja kuwa Redio Tanzania. Kwa miaka mingi studio ya redio ya taifa ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa wanamuziki wa nchi. Mikanda ikajaa maktaba, na leo iko chini ya shirika la utangazaji la taifa. Lakini mikanda huzeeka, hushika unyevu, huchanika. Kuihamisha kwenye mfumo wa dijitali ni kazi ya miaka na fedha nyingi.

Wakati mikanda mikuu ikizeeka, nani alikuwa akitunza? Ni kina kaka yangu. Mnakumbuka? Mtu anakaa mbele ya redio kaseti jioni, kidole kiko juu ya kitufe, anasubiri mtangazaji amalize kusema ili arekodi. Kaseti moja, dakika 60 au 90, mwanzoni mwa wimbo sauti ya mtangazaji imekatwa katikati. Baadaye zikaja sidii, halafu vibanda vya kujaziwa nyimbo kwenye memori kadi: unatoa simu, unataja unachotaka, unajaziwa mia mbili kwa bei ya chai na maandazi. Flashi ya binti yetu ni mjukuu wa kaseti zile.

Hapa lazima niseme neno la haki za waja. Nyingi ya nyimbo za vibandani hazikumpa mwimbaji hata shilingi. Bara kuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na Zanzibar tuna yetu ya mwaka 2003. Tunahangaika kama muziki ni halali au haramu, na tunasahau kujiuliza kama tulichonacho tulikipata kwa njia ya halali. Binti aliponisikia akacheka, akasema, "Shangazi, hapo umenipunguzia mia sita."

Na dini yetu?

Mimi si mwanachuoni, na sitatoa fatwa kwenye ukurasa huu. Nitasema tu yanayojulikana. Suala la ala za muziki lina mazungumzo marefu kwa wanavyuoni. Wengi katika madhehebu manne, Shafii yetu ikiwamo, wamezikataza ala za nyuzi na za kupuliza. Wapo walioona vingine, kama Ibn Hazm wa Andalusi, na Imamu Ghazali aliliandikia suala la usikilizaji sehemu nzima ndani ya Ihya, akiangalia maneno yanayoimbwa, hali ya msikilizaji, na wimbo unampeleka wapi. Dufu kwenye harusi na Idi ndiyo mlango uliokubaliwa na wengi. Muulize sheikh unayemwamini, na ukishapata jibu la kukutuliza moyo, lifuate bila kuwatukana waliopata jibu jingine.

Lakini nataka tuangalie habari tatu zilizomo kwenye Sahih Bukhari, kwa jicho la historia.

Ya kwanza ni ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Siku ya Idi vijakazi wawili wadogo walikuwa wakiimba nyumbani kwake, baba yake Abubakar akawakemea, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia awaache, kwa kuwa kila watu wana sikukuu yao.

Ya pili ni ya Bibi Aisha pia. Alimpeleka biharusi kwa mume wa Kiansari, na Mtume akamuuliza kama hawakuwa na kitu cha kuchangamsha, kwa sababu Maansari wanapenda hilo. Yaani alijua desturi ya wale watu, akaizingatia.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Ni ya Rubayyi binti Mu'awwidh. Asubuhi ya harusi yake Mtume alikuja akakaa, na wasichana walikuwa wakipiga dufu wakiwaimba wazee wao waliouawa siku ya Badri. Mmoja akaingiza maneno kwamba miongoni mwetu yuko Mtume anayejua ya kesho. Mtume akamkataza neno hilo, akamwambia arudie aliyokuwa akiyasema mwanzo.

Tafakarini. Wasichana wale walikuwa wakitunza kumbukumbu. Badri ilipita, wazee hawapo, na majina yao yanakaa kwenye vinywa vya mabinti siku ya harusi. Likaingia neno lililogusa imani, na Mtume hakuliachia. Hakusema pia kwamba dufu litupwe na wimbo wote ufe. Aliondoa mstari mmoja, akaurudisha uliobaki.

Nikamwambia binti yetu kwamba hilo ndilo somo langu la kufuta na kutunza. Kuchambua ni sunna ya busara. Kukumbatia kila kitu kwa sababu tumekizoea si uchamungu, na kuchoma kila kitu kwa hofu si lazima kuwe uchamungu pia.

Mafungu manne mkekani

Basi tukakaa naye siku mbili, kompyuta katikati, udi unafuka, tukazigawa.

Fungu la kwanza ni nyimbo zilizopo kila mahali. Ukizifuta leo, dunia haitapungukiwa. Kesho zitasikika daladalani upende usipende. Hizo hazikuwa na hoja. Nyingi zilikuwa za siku za skuli, na baadhi ziliambatana na mtu ambaye hamtaji tena, wala mimi sikumuuliza. Alizifuta mwenyewe, akapumua. Mwanangu biharusi, nyimbo za aina hiyo usiingie nazo kwa mume. Zina milango ya nyuma.

Fungu la pili ni zile alizozipata kwa njia isiyompa mwenyewe haki yake. Akafuta, akaazimia kwamba akitaka chochote baadaye atakilipia. Hapo nikamwonya kidogo. Programu za kulipia kila mwezi zinakupa kusikiliza tu, hazikupi kumiliki. Ukiacha kulipa au wenye programu wakiuondoa wimbo, huna kitu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Fungu la tatu ni zilipendwa za baba yake zilizorekodiwa redioni, na kasida. Za redioni zina sauti za watangazaji na matangazo ya zamani ambayo huenda hayapatikani kwingine. Yeye hazitaki tena masikioni mwake, na hilo nimeliheshimu. Lakini kutotaka kusikiliza ni jambo moja, na kuangamiza nakala pengine ya pekee ni jambo jingine. Tukazihamisha kwa kaka yake, anayejua thamani yake. Kasida akaziweka, akaziandikia majina vizuri: msomaji, madrasa, mwaka, mahali. Faili lisilo na jina ni kama kaburi lisilo na alama; ipo siku mjukuu atalipita bila kujua.

Likabaki fungu la nne, dakika 23 za bibi.

Tuliisikiliza pamoja mara moja. Mwanzo kuna vicheko na mlio wa bakuli. Halafu bibi anaanza, sauti imekwaruza kidogo, na wanawake wanaitikia. Dufu na makofi tu, hakuna ala nyingine. Katikati anamwita biharusi kwa jina la utotoni, jina ambalo binti yetu hakuwahi kujua mama yake aliitwa. Akalia. Nikalia na mimi.

Kisha likaja swali ambalo kizazi chetu hakijajiuliza vya kutosha. Binti akasema, "Shangazi, tuiweke mtandaoni, watu wafaidike?" Nikamwambia hapana. Wanawake wale waliimba ndani, milango imefungwa, buibui zimevuliwa, wakijua wanaosikia ni wanawake wenzao. Baadhi ya maneno ni mafunzo ya somo kwa mwari. Hiyo ni sitara yao na ni amana kwetu. Bibi hayupo tena tumuombe ruhusa, na ukimya wa marehemu si ruhusa. Watafiti walibeba sauti za wapagazi hadi ng'ambo, na waliobebwa sauti zao hawakuulizwa zitakwenda wapi. Tusiwafanyie bibi zetu hivyo.

Kwa hiyo tukafanya hivi. Tukatengeneza nakala tatu: moja kwake, moja kwa mama yake, moja kwangu, kila moja mahali tofauti, kwa kuwa flashi huharibika bila kuaga na simu huibiwa. Tukaandika kwenye daftari la karatasi maneno yote tuliyoweza kuyasikia, na majina ya wanawake waliokuwapo, kadiri mama yake alivyowakumbuka. Tukaandika na sharti: ni ya wanawake wa ukoo, hairushwi. Daftari limeingia kwenye sanduku lake la harusi, chini ya kanga, pamoja na msahafu na udi.

Katika nyimbo zaidi ya 1,200, alibaki nazo chache sana. Alizungumza na mchumba wake kwa simu, mbele yangu, akamweleza yote bila kuficha. Kijana alinyamaza kidogo. Halafu akasema bibi yake mwenyewe, huko Tabora, alikuwa akiimba Kinyamwezi akitwanga, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumrekodi. Akauliza, "Hilo daftari, unaweza kumfundisha dada yangu namna ya kuliandika?"

Kwa biharusi anayesoma

Kama uko mbele ya kitufe cha kufuta usiku huu, chukua siku moja. Tia nia. Futa kinachokuvuta nyuma, wala usikionee huruma. Rudisha haki ya mtu. Lakini kabla ya yote, tafuta kama kuna sauti ya mtu wako humo: bibi, mama, mwalimu wako wa madrasa akikusomesha Juzuu Amma. Hiyo haina nakala sokoni. Na kama huna, lakini bibi yako bado yu hai, basi kazi yako ya wiki hii si kufuta. Nenda kwake na zawadi, muombe ruhusa, mkae wawili, na umuache aimbe akitaka, asimulie akitaka. Muulize ni nani wanaoruhusiwa kusikia. Uandike.

Treni ya kwenda Tabora inapita palepale walipopita waliobeba mizigo kichwani wakiimba nyimbo ambazo hatutazisikia. Binti yetu ataipanda, inshaallah, akiwa na sanduku jepesi kuliko alivyotarajia. Allah ambariki yeye na mumewe, awakusanye katika kheri, na awarehemu bibi zetu wote waliotuimbia. Amin.